Chungwa la Ziwani na Chungwa la Mlimani

Ndugu zangu wakulima, na akina mama mnaouza matunda hapa Kisumu, asanteni kwa kufika.

Naanza na jambo linalowakosesha bei. Mnunuzi akiona chungwa la kijani, anasema ni bichi. Si lazima liwe bichi! Kinachoondoa ukijani wa ganda ni baridi ya usiku. Huku ufuoni, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku una joto, hivyo chungwa huweza kuiva, likajaa maji na sukari, na ganda likabaki kijani. Mkatieni mteja kipande aonje.

Sasa twendeni Nakuru, mita 1,850 hivi. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa hiyo kule ni baridi kuliko huku kwa digrii nne hivi. Digrii nne si kitu kidogo kwa tunda. Chungwa hupumua likiwa bado mtini, na katika kupumua huko hutumia asidi yake. Penye joto asidi huisha upesi, utamu ukatawala. Penye baridi tunda hukawia kuiva na uchachu hubaki, ndiyo maana chungwa la mlimani hukolea zaidi mdomoni. Vitamini C nayo, kwa kawaida, huwa nyingi zaidi katika matunda yaliyokomaa penye usiku wa baridi.

Lakini asiwadanganye mtu kwamba chungwa la ziwani halina faida mwilini. Gramu 100 za chungwa huwa na miligramu 50 hivi za vitamini C. Machungwa mawili ya wastani yanamtosha mtu mzima kwa siku. Tena hata kwenye mti mmoja matunda hayalingani: lililo upande wa jua huwa na vitamini C nyingi kuliko lililojificha kivulini. Mwinuko wa shamba huwezi kuubadilisha, ila matawi unaweza kuyapogoa mwanga uingie. Na juisi ikishakamuliwa inywewe mapema, kwa sababu hewa na joto huiharibu vitamini hiyo.

Mlimani nako kuna adui, na hili linanihuzunisha kwa kuwa limemaliza michungwa mingi. Kuna ugonjwa wa bakteria uitwao kwa Kiingereza "greening", na aina yake ya Kiafrika ndiyo inayopenda baridi na kudhoofishwa na joto kali. Huenezwa na kidudu kifyonza utomvu, ambacho nacho hustawi penye ubaridi. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia, matunda hudumaa, huenda upande na kuwa machungu. Dawa ya kuuponya mti haipo. Kwa hiyo wewe wa Kericho au Nandi unayetaka kupanda, usichukue kikonyo cha kupandikizia kutoka mti wa jirani kwa sababu tu unazaa vizuri. Nunua miche kwenye kitalu kilichokaguliwa, na mti ukionyesha mabaka hayo, ung'oe kabla kidudu hakijahamia kwa mwenzako.