Vijikombe vya Kwenye Gogo: Usianze na Rangi

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo tunachutama kando ya gogo lililooza, tutazame vile vijikombe vidogo vya kuvu. Kaka Juma, naona umekuja na lenzi yako shingoni.

JUMA: Nitaiachaje, dada? Watu huniuliza, "Nimeona kijikombe cha njano, kinaitwaje?" Nami nakosa cha kujibu.

REHEMA: Si Bisporella citrina hiyo?

JUMA: Huenda. Siku hizi wengi wanaiita Calycina citrina. Vijikombe havizidi milimita 3 hivi, vimesongamana kwenye mti uliobanduka gome. Lakini vya njano viko vingi! Mimi nauliza: ukingoni kuna vinyweleo? Kina kikonyo? Kimeota juu ya mti gani?

REHEMA: Vinyweleo kwenye kitu kidogo hivyo?

JUMA: Ndiyo maana ya lenzi, ya kukuza mara 10 inatosha. Tena usikodolee juu tu, kitazame ubavuni na chini. Scutellinia scutellata, kwa mbali, ni doa jekundu tu. Sogeza lenzi: ukingo mzima umezungukwa na vinyweleo vyeusi vigumu, kama kope za jicho. Hapo umeipata jenasi, yaani kundi la spishi za karibu. Spishi bado, mpaka uone mapambo ya spora, zile chembe za uzazi za kuvu.

REHEMA: Na Chlorociboria, vile vya kijani-samawati? Usiniambie rangi haitoshi hata hapo.

JUMA: Aa, hapo rangi inasaidia, hasa ya mti wenyewe. Utando wa kuvu huyo huupaka mti rangi ya kijani-samawati hadi ndani. Mafundi wa Italia karne ya 15 na 16 walikuwa wakipachika vipande vya mti huo kwenye kazi zao za nakshi. Vijikombe vyenyewe mara nyingi huvikuti, unakuta doa tu. Na ukivipata, kuna spishi aeruginosa na aeruginascens. Spora za aeruginosa ndizo kubwa.

REHEMA: Kwa hiyo hadubini haikwepeki.

JUMA: Haikwepeki. Kata kwa wembe kipande chembamba, wima, ukiweke kwenye tone la maji. Maji kwanza, kikiwa kibichi! Ukikimbilia dawa unaua seli, na matone ya mafuta ndani ya spora yanavurugika. Sasa tafuta vifuko vya spora, kwa kawaida kila kimoja kina 8. Tazama ncha: ina kifuniko au haina? Jenasi za Scutellinia na Sarcoscypha zina kifuniko, Mollisia haina. Ndipo uingize iodini pembeni, uone kama ncha inageuka buluu.

REHEMA: Kuna msikilizaji ametuma picha, kikombe kina vijiyai ndani.

JUMA: Hicho ukoo mwingine kabisa, jamaa wa uyoga wa kofia. Cyathus au wenzake. Tone la mvua likidondokea mle, vijiyai vinaruka nje.

REHEMA: Haya, na vile vya kijivu vilivyobandikana na mti?

JUMA: Dada, umenigusa kidonda. Mollisia! Tia tone la potasiamu haidroksaidi, baadhi hutoa rangi ya njano. Ikitoa, andika, isipotoa, andika vilevile. Bila hadubini mimi naandika "Mollisia" tu, nafunga daftari.