Sala ya Watu Waliojua Linalowangoja

Mheshimiwa mwenyekiti, mababa wa kiroho, ndugu zangu,

Tumezoea kusema kwamba Mkristo akipingwa huomba, kana kwamba kuomba ni kuingia chumbani na kufunga mlango. Historia yetu ya Uganda hainiruhusu kusema hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga alijua kwamba ghadhabu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ingewashukia kulipokucha. Alisali pamoja na vijana wa ikulu waliokuwa chini yake, kisha akawabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaoandaliwa kwa ubatizo, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote. Yaani sala ile iliwatia katika kosa lilelile la Ukristo walilokuwa wakisakwa kwalo. Tarehe 3 Juni Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, mahali ambapo, tuseme kwa haki, Waislamu nao waliuawa kwa ajili ya imani yao miaka kumi kabla, enzi za Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga.

Nafurahi kuyasema haya kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha hii ilikuwapo. Waongofu wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, na Injili waliyoanza kuisoma ilikuwa ya Kiswahili. Vijana watatu wa Kianglikana waliouawa tarehe 31 Januari 1885 walipelekwa kufa wakiimba, kwa Kiswahili, wimbo wa kumsifu Bwana kila siku.

Mwaka 1977 askari walipekua nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, usiku. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia upekuzi huo na mauaji ya raia, wakaitia sahihi. Mimi naihesabu barua hiyo kuwa sehemu ya sala yao. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari, serikali ikatangaza ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mmoja wa maaskofu hao, alivuka milima kwa miguu hadi Rwanda, wala sioni kwamba aliyekimbia alipungukiwa na ujasiri.

Mwili wa Luwum haukutolewa kwa maziko ya Kampala. Hata hivyo Jumapili iliyofuata watu walifurika kanisa kuu la Kianglikana la Namirembe, Kampala, wakalizunguka kaburi lililochimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa enzi za Mwanga. Lilikuwa wazi, jeneza halikuwapo, nao wakaimba wimbo uleule wa vijana wa 1885.