Leadville: mji ulio juu kuliko kilele cha Rungwe

Mambo vipi watu wangu wa Tukuyu, Mbeya na kwingineko! Wazee wote, shikamooni. Ngoja niupe upepo mgongo, maana huku sauti inapotea.

Leo nipo Leadville, jimbo la Colorado, Marekani. Kamji kadogo tu, kalianza na wachimbaji wa madini ya fedha, na kapo mita 3,094 juu ya usawa wa bahari. Sasa kilele cha Rungwe ni mita 2,960. Yaani watu huku wanafungua maduka na kupeleka watoto shule juu kuliko kilele chetu!

Cheki nyuma yangu. Ule ndio Mlima Elbert, mita 4,401, hakuna unaoupita katika Milima ya Rocky yote. Najua mtasema, ndio huo? Mbona kilima? Ni kwamba tumeshapanda sana kabla hata hatujaufikia; kutoka hapa zimebaki kama mita 1,300 tu. Meru una 4,566, haujauacha mbali, lakini Arusha mjini ni kwenye 1,400 hivi, kwa hiyo mlima unakusimamia zaidi ya kilomita tatu nzima. Kwa macho, Meru unaushinda Elbert mchana kweupe. Ubabe wa Colorado uko chini, kwenye sakafu: sehemu ya chini kabisa ya jimbo zima, kule mpakani na Kansas, bado inavuka mita 1,000. Denver, mji mkuu wa jimbo, wanajisifia kuwa juu maili moja, mita 1,609. Ndugu zangu wa Nairobi, chekeni, nyie mko karibu 1,800.

Hewa sasa. Mgandamizo wake hapa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani. Nimepandisha begi ghorofa moja tu, nikahema kama mbwa wa mchana. Hii pakiti ya krispi nimeinunua Denver ikiwa ya kawaida, oneni ilivyovimba! Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage bila sufuria ya presha, mtalala na njaa.

Naelekea Tennessee Pass, njia ya kuvukia milima, hapo kaskazini. Theluji ikiyeyuka upande huu inaingia mto Arkansas, inaishia Mississippi. Ukivuka tu, maji yanashuka kuelekea mto Colorado, njia ya Pasifiki. Denver wako upande wa mashariki, wakaona hayo ya magharibi yanawapita hivihivi. Wakatoboa milima, wakayavuta kwa mahandaki.