Bango Limevuka Mpaka, Ithibati Imebaki Nyumbani

Ndugu walimu, wazazi, na nyinyi mliomaliza kidato cha sita, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna serikali zinavyosimamia vyuo vikuu vinavyofundisha nje ya nchi zao. Mikataba nitaipita haraka. Ninachotaka mwondoke nacho ni swali moja, na nitalirudia hadi mlichoke: programu hii, inayofundishwa katika jengo hili, ina ithibati ya nchi hii, yaani kibali rasmi kwamba ubora wake umekaguliwa, kuanzia lini hadi lini?

Watu wengi huuliza jingine. Huuliza, "Chuo kinatambulika?" Ofisa udahili anajibu ndiyo, na wala hasemi uongo. Kinatambulika kwao. Mzazi anatoka pale ameridhika, anakwenda benki kulipa ada.

Tuseme chuo kimoja cha Kenya kinafungua kituo Arusha. Nyumbani kiko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kule mtaala umepitiwa, maabara imekaguliwa, wahadhiri wamehesabiwa na shahada zao zimeangaliwa. Sasa kinavuka mpaka pale Namanga. Maabara imevuka? Haikuvuka. Maktaba? Imebaki. Kilichovuka ni jina na bango. Arusha kuna ghorofa moja ya kupanga juu ya maduka, kabati tatu za vitabu, na wahadhiri wanaopanda basi Ijumaa jioni wafundishe Jumamosi na Jumapili, kisha warudi. Ndiyo maana Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inapaswa kuanza upya: wahadhiri wa kudumu ni wangapi kwa programu hii, mitihani inatungwa na nani na inasahihishwa wapi, mwanafunzi wa sayansi anafanyia vitendo wapi? Kuuliza hivyo si kuwaonea wageni. Ni kukagua kile ambacho tume ya Nairobi haikukiona.

Shida kubwa ni kwamba kasoro hii huioni kwenye cheti. Cheti kinachapwa makao makuu: nembo ileile, muhuri uleule, saini ileile ya makamu mkuu wa chuo. Nakala ya matokeo inaorodhesha masomo na alama, na mara nyingi haisemi somo lilifundishwa mji gani. Mhitimu anaifungua bahasha kwa furaha. Anakuja kugundua miaka baadaye, anapoomba shahada yake itambuliwe ili aajiriwe, pale anapotakiwa kuonyesha alisomea wapi na kwa sifa zipi za kuingilia. Miaka mitatu ya ada imekwenda, na aliyefungua kituo kile ameshahama.

Najua mwenye kusema: "Lakini si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki? Si kuna Soko la Pamoja tangu 2010? Si wakuu wa nchi walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu mwaka 2017?" Walitangaza, na ni jambo jema. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki pale Kampala limeweka mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, nalo limefanya kazi ya kuheshimika. Ila halitoi ithibati ya kituo kilichopo Arusha. Hiyo inatolewa na tume ya nchi mwenyeji. Anayekuambia ushirikiano wa kikanda umefuta kazi hiyo, mwombe akuonyeshe barua.

Na hata programu yenye ithibati, ithibati hiyo ina tarehe. Mwaka 2023 Uganda ilipata taharuki pale programu nyingi zilipoonekana kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu zimepita muda. Baraza likalazimika kueleza kwamba hizo zilikuwa zinasubiri kupitiwa upya. Wanafunzi walikwishashikwa na hofu. Neno "imepita muda" lilisimama peke yake, bila maelezo yanamhusu nani. Orodha ya umma iseme programu, kampasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na hali ya mwanafunzi aliyedahiliwa kabla ya hapo. Safu tano tu. Nimechoka kuliomba hili, na nitaendelea kuliomba.

Muda unanibana, nikimbie. Krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mhadhara, kujisomea, mazoezi, mtihani. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600. Uganda kipimo chao kimoja ni saa 15 za kukutana na mhadhiri, na saa mbili za vitendo zinahesabiwa moja. Kwa hiyo somo lenye 4 kule si lazima liwe dogo kuliko lenye 12 hapa. Ukitaka kuhamisha masomo, peleka muhtasari wa kila somo wenye saa zake. Usipeleke namba tupu, maana atakayezipokea atazilinganisha kama zilivyo, na utaambiwa umepungukiwa.

Sifa za kuingilia: Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), mtu aliingia chuo kikuu baada ya miaka 12 ya shule, sisi Tanzania na Uganda ni 13. Kijana wa kidato cha nne akiambiwa "njoo, tuna kozi ya miezi michache ya kuziba pengo", aiulize TCU kwanza, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Bodi za taaluma, zile zinazosajili wenye fani kama wahandisi, ni mlango mwingine kabisa. Shahada ya uhandisi kutambuliwa na TCU hakukufanyi mhandisi aliyesajiliwa. Masomo ya mtandaoni nilitaka niyape nusu saa. Itabidi yasubiri siku nyingine.

La mwisho ni la wenye mamlaka. Kabla kituo cha kigeni hakijapewa kibali, chuo mama kitie saini kwamba kituo kikifungwa, chuo kitawapokea wanafunzi wote waliobaki kwa ada ileile, na majina yao yawe kwa tume kila muhula, si siku ya kufunga.

Mwenye barua ya udahili mkononi asiondoke. Aje hapa mezani tuifungue orodha, tuanze na jina kamili la programu.