Afande Akikutukana Barabarani: Mhadhara kwa Madereva na Makondakta wa Kenya

Hamjambo madereva, makondakta na wenye magari yenu mliofika asubuhi hii. Nimeombwa nizungumzie yule trafiki ambaye, kabla hujateremsha kioo, ameshakuita mjinga. Nitazungumzia sheria za Kenya, na nitataja vifungu pale ambapo kujua kifungu kunakusaidia. Kuna mengi tunayoambiana stejini ambayo si sheria, na mengine yamewaponza watu.

Kisa cha namna hii kina mafaili mawili. Faili la kwanza ni lako: kosa la barabarani, liwe la kweli au la kusingiziwa. Faili la pili ni la afande: matusi, vitisho, kukupiga kofi, kukudai hela. Lako linashughulikiwa pale barabarani, kisha kituoni au mahakamani. La afande linafunguliwa baadaye, kwa kalamu, mbele ya watu wasiomwogopa. Anayetaka kuyamaliza yote mawili kando ya barabara ndiye anayelala seli.

Tazameni hesabu yake. Umesimamishwa kwa kutofunga mkanda. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimeweka faini ya shilingi 500. Afande anakutukana, nawe unamrudishia, sauti zinapanda, wapita njia wanakusanyika. Sasa anaweza kukuandikia kifungu cha 95(1)(b) cha Kanuni ya Adhabu, yaani kuzua fujo inayoweza kuvunja amani, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi sita. Ukimsukuma mkono, anaongeza kumzuia afisa kutekeleza kazi yake. Mkanda wa shilingi 500 umezaa kesi ya jinai, na mbele ya hakimu utaulizwa ulichosema wewe kabla ya kuulizwa alichosema yeye.

Si kila ukali ni mtego. Mtu aliyesimama juani tangu alfajiri, akivuta moshi wa malori, anaweza kuwa mkali bila nia mbaya, na ukimsalimia vizuri ukali unashuka. Lakini upo ukali wa makusudi, na kazi yake ni kukutoa kwenye utulivu. Ukiogopa utalipa ili uondoke. Ukikasirika utampa kosa jipya. Kwa hiyo maneno yako ya mwanzo lazima yawe tayari kichwani kabla hujatoka nyumbani.

Mkono ukiinuliwa, washa indiketa na usimame mahali salama. Kutosimama unapoamriwa na afisa ni faini ya shilingi 5,000, na ukikimbia unajihatarisha na vizuizi vya misumari. Zima injini. Ikiwa ni usiku, washa taa ya ndani. Teremsha kioo na uweke mikono juu ya usukani, aione. Makondakta, msishuke mbio kumfuata afande nyuma ya gari. Kondakta anapokimbilia nyuma ya gari, kila mtu anajua anachoenda kufanya, na kamera za simu za abiria pia zinajua.

Salamu ni "Habari yako, afande," hata kama yeye hajakusalimia. Kisha nyamaza umsikilize. Akisema "Leta leseni!" usipeleke mkono ghafla chini ya kiti. Sema iliko: "Iko kwenye droo, afande, naichukua." Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakutaka uwe nayo na uitoe ukiombwa, na kukosa kuitoa ni shilingi 1,000. Usibishane naye juu ya haki yake ya kuiona, kwa sababu anayo. Ila usimpe ikiwa imekunjiwa noti ya mia mbili ndani. Huo mtindo umezoeleka mno hadi wengine hawauhisi tena kama kosa. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka kumi, au faini ya hadi milioni tano, au vyote viwili.

Baada ya leseni linakuja swali ambalo madereva wengi hulisahau kwa hofu: "Afande, naomba kujua kosa langu ni lipi?" Uliza mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akilitaja, lirudie kwa maneno yake mwenyewe: "Unasema nimepita taa nyekundu." Kurudia huku kunafaa kwa sababu mbili. Kosa haliwezi kubadilika njiani kuelekea kituoni bila wewe kuligundua, na kama kuna simu au kamera inayorekodi, kosa limetajwa na kusikika.

Akitukana, usijibu tusi. Usicheke pia, kwa maana tabasamu la dharau huwasha moto haraka kuliko neno. Na tafadhali msitamke ile sentensi ya "Unajua mimi ni nani?" wala msikimbilie kumpigia simu mkubwa fulani na kumkabidhi afande simu. Afisa aliyeaibishwa mbele ya wenzake atatafuta kosa kwenye tairi, kwenye taa, kwenye bima, kwenye stika ya ukaguzi, na gari ambalo halina hata kosa moja dogo ni adimu. Ukikutwa bila stika halali ya ukaguzi kwenye gari linalotakiwa kuwa nayo, hiyo peke yake ni shilingi 10,000.

Sasa niyaguse yale tunayodanganyana. Kuna wanaosema askari haruhusiwi kabisa kuingia kwenye gari lako. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu afisa wa polisi aliyevaa sare kusimamisha gari, na kinawaruhusu polisi kuliingia, hata kuliendesha, kwa ajili ya ukaguzi. Ukimfungia mlango kwa nguvu ukiamini sheria iko upande wako, umejifungia mwenyewe. Wengine wanasema askari wa cheo cha chini hana mamlaka ya kukusimamisha. Kifungu hicho kinataja sare, hakitaji cheo. Sare ndiyo yenye uzito: mtu aliyevaa kiraia akikupungia tochi gizani una sababu ya kusita. Washa taa za dharura, endesha polepole hadi kituo cha mafuta au mahali penye mwanga na watu, usimame hapo.

Akitaka kupekua buti au mizigo, shuka uwepo, simama mahali unapoona mikono yake, na umuulize kwa adabu anatafuta nini. Mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, anayempekua lazima awe mwanamke, kwa staha. Hili halina mjadala, na dada zetu wanaoendesha usiku walijue kwa moyo. Afande akianza maneno ya kuwatongoza au kuwatisha, jibu ni fupi: "Afande, kama nina kosa, twende kituoni." Kisha mtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo kwa WhatsApp kabla gari halijaondoka.

Neno hilo, twende kituoni, ndilo ninalotaka mlizoee. Afande akisema "Sasa tutafanyaje?" au "Mbona husalimii wakubwa?" mnajua anachodai. Usimhubirie, usimwite mla rushwa. Mwambie: "Naomba niandikiwe kosa, afande," na akisisitiza, "Sawa, tuelekee kituoni. Ni kituo gani?" Mara nyingi hapo ndipo leseni inarudishwa, kwa sababu kituoni kuna kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio, na kinachoandikwa kwenye OB kina nambari na saa. Hakuna mahali sheria inapomruhusu askari wa barabarani kupokea noti zako na kuzitia mfukoni, hata akiziita faini.

Ujue pia viwango, maana asiyejua bei hukubali ya muuzaji. Kuzidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo tu. Kwa 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Kushika simu ukiendesha ni 2,000. Anayekutisha kwamba kosa lako ni la kufungwa mwaka, ilhali ni la mia tano, anakuuzia hofu.

Ukifika kituoni, mambo yanabadilika, na hapa wengi hupoteza pesa bila sababu. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili au jamaa, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeangukia wikendi. Fasili ya pili ya ibara hiyohiyo inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa madereva, hii ni ngao kubwa. Itamke kwa upole kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, badala ya kumpigia kelele aliye kaunta.

Dhamana ni za aina mbili. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba utafika mahakamani, nayo ni bure. Ya pili ni dhamana ya pesa taslimu, na ukiitoa lazima upewe risiti rasmi. Isome kabla hujaondoka: jina lako, kiasi ulichotoa, kosa, mahakama na tarehe. Kiasi kwenye risiti kikiwa pungufu, sema hapo hapo, kwa sababu ukishatoka nje ni neno lako dhidi ya karatasi. Ukifika mahakamani na kesi ikaisha unadai pesa zako, au unaomba zikatwe faini. Usipofika zinapotea na hati ya kukukamata inatolewa. Watu huacha dhamana ya elfu tano kwa kosa la mia tano kwa sababu ya kuona uvivu wa kwenda mahakamani siku moja.

Hapo faili lako limetulia. Sasa la afande.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka kila afisa aliyevaa sare awe na jina lake au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wazi. Kwa hiyo tangu mwanzo macho yako yaende kifuani na mabegani. Ikiwa hakuna jina wala nambari, hilo lenyewe ni jambo la kuandika. Andika nambari ya gari lao pia. Magari mengi ya polisi yana nambari zinazoanza na GK.

Andika ndani ya saa moja, umeegesha gari, kabla kumbukumbu haijachanganyika na hasira: tarehe na saa, mahali kwa alama inayoonekana kama daraja, steji au kituo cha mafuta, maafisa walikuwa wangapi, na simu za abiria wawili watatu waliokubali kuwa mashahidi. Kisha maneno yenyewe, kwa lugha aliyoyatumia. Hapa ndipo malalamiko mengi hufia. Mtu huandika "afande alikuwa na kiburi." Kiburi ni maoni yako, mpelelezi hana la kukifanya. Andika: "Aliniita ng'ombe mara mbili, akapiga boneti kwa rungu, akasema nitajua yeye ni nani." Hilo linaweza kuulizwa, kujibiwa na kuthibitishwa. Na kama ulikuwa umezidisha mwendo, liandike pia. Ukificha kosa lako likaja kugunduliwa, hata ukweli wako utatiliwa shaka.

Kuhusu kurekodi: gari likiwa limezimwa, simu iliyo kwenye kishikio chake cha dashibodi inatosha. Kumsogezea afande simu usoni ni kumchokoza, na simu nyingi zimevunjika hivyo. Wenye kamera ya dashibodi, kumbukeni kadi ikijaa inafuta za zamani na kuandika juu yake. Bonyeza kitufe cha kufunga faili, au toa kadi siku hiyohiyo. Hifadhi video nzima bila kuikata. Kipande cha sekunde ishirini mtandaoni hakionyeshi kilichoanzisha ugomvi, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Pa kupeleka ni patatu. Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi kinapokea malalamiko ya utovu wa nidhamu. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inapokea malalamiko bure, na simu yao ni 1559. Ikiwa ulidaiwa hela, ni EACC, tume ya kupambana na rushwa, 1551. Umeumizwa? Nenda hospitali kwanza, uchukue fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari, kisha ulalamike.

Kituo kikikataa kuandika malalamiko yako kwenye OB, usigombane na aliye kaunta. Muulize jina lake, tazama saa, toka nje, uyaandike yote mawili kwenye karatasi ileile. Utakapowapigia IPOA, anzia hapo: saa fulani, kituo fulani, afisa fulani alikataa kunipa nambari ya OB.