Maji ya Mgongo na Walinzi wa Ubongo

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaoitwa ALS. Nianze na baba yangu mdogo, mvuvi wa Kigombe. Siku moja alishindwa kukaza fundo la nanga. Baadaye tukaona nyama ya mkono wake ikicheza chini ya ngozi, kama maji yanayotaka kuchemka, na akili yake timamu. Tukaambiwa ni baridi yabisi. Mwaka mzima ukaisha tukimsugua mafuta.

Watu wa Tanga tunaijua kamba ya katani, nyuzi nyingi zimesokotwa pamoja. Neva nayo ina nyuzi ndani, nyurofilamenti. Neva ikifa, nyuzi hizo huelea kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Zikizidi, mara nyingi ugonjwa unakwenda mbio.

Lakini hasa nimekuja kwa ajili ya walinzi. Ubongo una askari wake, seli ziitwazo mikroglia, wanaofagia uchafu na kupambana na vijidudu. Kwenye ALS wanaamka, na katika maji yale tunakuta kitotriosidasi kwa wingi. Hiki kinanishangaza mpaka leo: ni kimeng'enya kinachovunja kitu kilekile kinachofanya gamba la kaa liwe gumu! Ubongoni hakuna gamba la kaa, ila kikijaa tunajua askari wamechachamaa. Majaribio ya panya yanaonyesha kwamba mwanzoni huenda wanazilinda neva, kisha wanageuka kuziumiza. Tahadhari: huchachamaa kwenye maradhi mengine pia, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi kusema huyu ana ALS.

Mama hapo mbele ameuliza kama sindano ya mgongo, ile ya kuchota maji hayo, inapoozesha. Mama yangu, uti wa mgongo unakoma karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Sindano inapita chini yake, kiunoni. Maji yote ni kama mililita 150, na mwili hutengeneza takriban 500 kwa siku, kwa hiyo kidogo kinachochukuliwa kinarudi upesi. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, hilo sikufichi.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen, kwa wale wachache wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1. Kilichowashawishi ni nyuzi zilezile, ambazo huvujia hata kwenye damu: zilikuwa zimepungua. Na dawa yenyewe haimezwi. Inaingizwa kiunoni, kwa njia ya sindano hiyohiyo tunayoiogopa.