Kijapani kilichovurugika kwenye barua pepe: kabla hujabonyeza "Sambaza"

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi hapa mnaagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa hiyo tatizo mnalijua. Barua imetoka kwa muuzaji Yokohama, ikapita kwa mwenzako ofisini, na ilipokufikia wewe sehemu ya Kijapani imekuwa madudu matupu. Wajapani wenyewe huyaita mojibake, na yamewasumbua miaka mingi kuliko sisi.

Naandika mstari mmoja ubaoni:

$B$3$s$K$A$O(B

Hiyo ni konnichiwa, salamu ya mchana. Herufi zote zipo. Kilichopotea ni ESC, alama isiyoonekana, ambayo ilitakiwa kutangulia $B na kutangulia (B. Mtandao wa JUNET ulipoanza Japani mwaka 1984, barua zilipita kwenye mitambo ya biti 7, yaani yenye nafasi ya alama 128 tu, na Kijapani kina maelfu ya herufi. Ikabidi kila herufi iandikwe kwa alama mbili za kawaida, na ESC pamoja na alama zinazoifuata ziiambie kompyuta: hapa Kijapani kinaanza, hapa kinaishia. Utaratibu wa namna hiyo, wa kuandika herufi kwa namba za kompyuta, huitwa usimbaji, na huo jina lake ni ISO-2022-JP. Jun Murai na wenzake waliueleza kwenye RFC 1468, hati ya kiufundi ya intaneti, mwaka 1993, na barua za zamani za Kijapani zimejaa huo. Sasa programu fulani njiani ikiichuja ile ESC, mnabaki na dola zimepangana namna hii.

Dola hizo zina kazi yake. Hiragana, herufi za Kijapani za silabi, zote huanza na $ hapa. Tarakimu na herufi za Kilatini zilizoandikwa kwa upana wa Kijapani huanza na #, na Wajapani hupenda sana kuandika hivyo. Kwa hiyo ukikuta #N#Z#E#1#2#1!] usitupe barua. Futa kila #, soma !] kama kistari, umepata NZE121-, yaani Corolla mnayoijua. Mwanzo wa namba ya chesisi umesomeka kwa macho, bila programu yoyote. Maneno yaliyobaki yanahitaji kurudishiwa ESC mahali pake, kazi ya dakika chache kwa mtu wa kompyuta.

Kuna madudu ya aina nyingine. Ukiona ã kila baada ya hatua mbili, hiyo ni UTF-8, usimbaji wa siku hizi wa lugha zote, iliyosomwa kama maandishi ya Ulaya Magharibi (Windows-1252). Ukiona kanji (herufi zenye asili ya Kichina) hizi mbili, 縺 na 繧, zinajirudia kupita kiasi, ni UTF-8 hiyohiyo, ila imesomwa kama Shift_JIS, usimbaji wa Kijapani uliozoeleka kwenye Windows. Kwa UTF-8 kila hiragana huchukua baiti tatu, yaani namba tatu za kompyuta, na ya kwanza huandikwa E3, ndiyo maana mnaona kitu kilekile kikijirudia.

Nawaomba msikilize hapa kuliko kwingine kote. Barua ikifunguka vibaya na hakuna kilichochujwa njiani, mara nyingi ubovu uko kwenye kioo tu. Baiti zilizomo kikashani bado nzima. Ukibonyeza Jibu au Sambaza, programu inachukua ilichodhani imekisoma na kukiandika upya kwa usimbaji wake. Kosa la kusoma limekuwa maandishi ya barua. Akipeleka mbele mwingine, linaweza kuandikwa juu ya lingine. Mbaya zaidi, hiragana nyingi zina baiti 81, ambayo Windows-1252 haina herufi yake. Programu nyingine huweka alama ya kuuliza hapo, na baiti imekwenda.

Kwa hiyo barua ya Kijapani iliyovurugika isambazwe kama kiambatisho. Outlook, Thunderbird na Gmail zote zina njia hiyo, na barua iliyoambatishwa kama faili la .eml hufika na baiti zake zote. Atakayelipokea afungue chanzo cha barua atafute mstari wa Content-Type: charset, yaani jina la usimbaji, iliyotajwa pale mara nyingi ndiyo jibu. Ikiwa haikutajwa, atazame mada. Mada inayoanza =?ISO-2022-JP?B?GyRC inajieleza, maana GyRC ni ESC na $B zilizofungwa kwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kuhusu namba zilizozungushiwa duara, ① na ②. Hizo hazimo katika JIS X 0208, orodha ya herufi ambayo ISO-2022-JP inaitegemea. Ni nyongeza za watengenezaji. Barua nzima inaweza kusomeka na hizo tu zikaharibika. Mwambieni muuzaji aandike 1 na 2 za kawaida.

Na zikibaki alama za kuuliza tupu, ?????, msihangaike. Hapo hakuna cha kukarabati, ombeni barua itumwe tena. Ila msiombe kwa kubonyeza Jibu: baadhi ya programu huendelea na usimbaji wa barua ya awali, na majibu yanaweza kurudi yana ugonjwa uleule. Anzeni barua mpya, UTF-8, na mwambieni aweke maelezo ya gari kwenye PDF.